Kipimo cha punje: jinsi viwango vya pamoja vinavyoamua biashara ya mahindi Kitale na Bungoma

Inapowadia Oktoba, barabara za kutoka Endebess, Kwanza na Cherangany kuelekea mjini Kitale hujaa matrekta na malori yaliyosheheni mahindi. Katika lango la ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) foleni hurefuka, na jambo la kwanza analofanyiwa mkulima si kutajiwa bei. Mkaguzi huchoma gunia kwa bomba lenye ncha kali, hutoa punje chache, huzitia katika kipima-unyevu na kusoma tarakimu. Ikisomeka asilimia 13.5 au chini ya hapo, safari inaendelea. Ikizidi, mkulima huelekezwa kwenye mashine ya kukausha, ambako hulipia huduma hiyo, au hugeuza gari na kurudi alikotoka.

Tarakimu hiyo haikubuniwa na mkaguzi wala na meneja wa ghala. Imo katika waraka unaoitwa EAS 2, yaani kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ya punje, na ndiyo hiyo hiyo inayopaswa kutumika ng'ambo ya mto Suam nchini Uganda, Namanga upande wa Tanzania na hata Kigali. Kwa wengi, nyaraka za aina hii ni mambo ya maofisa wa Nairobi na Arusha. Hata hivyo, ndizo zinazoamua iwapo mkulima wa Kiminini atauza mavuno yake kwa msagaji mkubwa au kwa dalali wa kando ya njia, na iwapo lori linalotoka Bukwo litavuka mpaka siku hiyo au litalala pale pale siku kadhaa.

Kiwango ni kitu gani?

Katika lugha ya biashara ya kimataifa, mambo mawili hutenganishwa ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Kiwango ni maelezo yaliyokubaliwa kuhusu bidhaa: ukubwa wake, uzito, usafi, namna ya kuipima na ya kuifungasha. Kukifuata ni hiari. Kanuni ya kiufundi ni sheria ya nchi, na bidhaa isiyoitimiza hairuhusiwi sokoni. Mkataba wa Vikwazo vya Kiufundi vya Biashara, ulioanza kutumika pamoja na Shirika la Biashara Duniani (WTO) mnamo Januari 1, 1995, unayatofautisha hivyo. Kenya, Uganda na Tanzania zote zilikuwa wanachama tangu siku hiyo ya kwanza.

Sambamba na mkataba huo kuna mwingine unaohusu usalama wa chakula na afya ya wanyama na mimea. Yote miwili ina wazo moja. Kila nchi ina haki ya kuwalinda watu wake, lakini kinga hiyo isigeuzwe kisingizio cha kufungia nje bidhaa za jirani. Nchi inayoweka sharti la afya yatakiwa kuwa na ushahidi wa kisayansi, na isiwabane wageni kwa jambo ambalo wenyeji wanaachiwa. Ili kupunguza ugomvi, mikataba hiyo inazihimiza nchi zitegemee viwango vya kimataifa vilivyopo. Kwa chakula, rejea kuu ni Codex Alimentarius, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya kilimo na ya afya ulioanza mwaka 1963.

Faida yake kwa biashara ni rahisi kueleza. Mnunuzi wa Nairobi hawezi kwenda kuonja kila gunia la Kitale, wala msagaji wa Kisumu hawezi kusimama Mbale wakati mahindi yakipukuchuliwa. Kinachomwezesha kununua bila kuona ni neno moja, "gredi ya kwanza", ikiwa muuzaji, mnunuzi, mwenye lori na afisa wa forodha wote wanalielewa kwa maana ile ile. Pasipo maana hiyo ya pamoja, mnunuzi hujikinga kwa kushusha bei, na anayebeba hasara hiyo ni mkulima.

Gunia la ratili 200

Biashara ya mahindi ya Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya ilizaliwa pamoja na suala la viwango. Katika miaka ya 1920, reli ilipofika Kitale na mahindi meupe ya walowezi yakaanza kupelekwa Ulaya kupitia Mombasa, serikali ya kikoloni iliweka utaratibu wa kuyapanga kwa madaraja kabla ya kupakiwa melini. Mnunuzi wa London alilipa kwa kuamini cheti kilichotolewa maelfu ya maili kutoka alipo.

Gunia la kilo 90 ambalo bado linatawala hesabu za wakulima wa Kenya ni urithi wa zama hizo. Lilikuwa gunia la ratili 200, ambazo ni kilo 90 na ushei. Nchi ilipohamia vipimo vya kilo, gunia halikubadilika. Lilibadilishwa jina tu. Ndiyo maana hadi leo bei ya mahindi hutangazwa kwa kipimo ambacho hakigawanyiki vizuri kwa tani. Mahesabu ya mpakani hupaswa kufanywa upya, kwa kuwa mfanyabiashara wa Uganda huhesabu kwa kilo au kwa gunia la kilo 100. Jambo hili laonekana dogo, ila mkulima asiye na mizani akiambiwa "gunia" bila kuulizwa lina kilo ngapi, anaweza kupoteza kilo 10 kwa neno moja.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (Kebs) lilianzishwa mwaka 1974. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilifuata mwaka 1975, na lile la Uganda (UNBS) lilianza kazi mwaka 1989. Kila moja liliandika viwango vyake, na kwa muda mrefu shehena iliyokubaliwa upande mmoja wa mpaka ilipimwa upya upande wa pili kana kwamba imetoka sayari nyingine. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kufufuliwa na umoja wa forodha kuanza mwaka 2005, ilidhihirika kwamba kuondoa ushuru hakutoshi iwapo kila nchi bado ina rula yake.

Mwaka 2006 Jumuiya ilipitisha sheria kuhusu viwango, uthibitishaji wa ubora, vipimo na majaribio. Chini yake, kiwango kikishatangazwa na Baraza la Mawaziri kuwa cha Afrika Mashariki, nchi wanachama zatakiwa kukipokea jinsi kilivyo katika muda wa miezi 6 na kuondoa cha kitaifa kinachokipinga. Aidha, alama ya ubora iliyotolewa na shirika la nchi moja yapasa kuheshimiwa na nyingine: alama ya Kebs Kampala, ya UNBS Nairobi. Mahindi yalikuwa miongoni mwa mazao ya kwanza kuwekewa kiwango cha pamoja, na hilo halishangazi, kwa maana ndiyo chakula kikuu na ndiyo yanayovuka mipaka kwa wingi.

Yaliyomo ndani ya EAS 2

Kiwango chenyewe hugawa mahindi katika gredi tatu. Punje zilizovunjika zisizidi asilimia 2 kwa gredi ya kwanza, 4 kwa ya pili na 6 kwa ya tatu. Uchafu, kama vile vipande vya bunzi na makapi, usizidi asilimia 0.5, 1 na 1.5 kwa mfuatano huo huo. Kuna mipaka pia kwa punje zilizotobolewa na wadudu, zilizooza na zilizobadilika rangi. Lakini katika mambo mawili gredi hazitofautiani, nayo ni unyevu na sumu. Unyevu ni asilimia 13.5 kwa wote.

Sababu ya ukali huo ni kuvu. Mahindi makavu hulala ghalani kwa miezi bila kudhurika. Yenye unyevu hupumua, hupata joto na kuotesha ukungu. Katika Trans Nzoia tatizo hili ni la kudumu, kwa kuwa mvua mara nyingi huendelea kunyesha wakati mahindi yakiwa tayari shambani. Mahindi yaliyovunwa katika hali hiyo huweza kuwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25.

Hesabu yake inafaa kufanywa polepole, kwa sababu ndipo pesa zinapopotelea. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 lina kilo 72 za mahindi halisi. Zilizobaki ni maji. Likikaushwa hadi asilimia 13.5, litabaki na uzito wa takriban kilo 83. Likiwa limevunwa na asilimia 25, litabaki na kilo 78. Dalali anayenunua mahindi mabichi shambani anaijua hesabu hii vyema, na bei anayotaja imekwisha kuitoa, mara nyingi pamoja na ziada ya kujilinda. Mkulima asiye na kipima-unyevu hana la kujibu. Wapo wanaouma punje ili kusikiliza mlio wake. Wapo wanaotia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa, wakaitikisa na kutazama kama chumvi inaganda kwenye kioo. Njia ya chupa huonyesha kama mahindi yamekauka au la, lakini haiwezi kusema kama ni 13.5 au 14.5, na pengo hilo ndilo linalorudisha lori.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilinunua mashine 100 za kukaushia nafaka zinazoweza kuhamishwa na kuzisambaza katika maeneo yanayolima mahindi. Kwa mkulima mwenye ekari mbili huko Bungoma, swali ni umbali. Gharama ya kusafirisha magunia 20 hadi kwenye mashine yaweza kuimeza faida yote ya kuyakausha, ndiyo maana turubai mbele ya nyumba bado ndilo kaushio la wengi.

Sumu isiyoonekana

Mpaka wa pili usiotofautiana kwa gredi unahusu sumukuvu ya aflatoksini. Jumla yake isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile ya aina ya B1, iliyo kali zaidi, isizidi 5. Sumu hii ilitambuliwa baada ya bata mzinga wapatao 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula kilichochanganywa na mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Inaharibu ini, husababisha saratani, na haiondoki kwa kupika ugali.

Kenya inaijua kwa uchungu. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ni mojawapo ya visa vibaya zaidi vya sumu hiyo kuwahi kurekodiwa duniani. Mnamo Novemba 2019, Kebs ilipiga marufuku chapa 5 za unga wa mahindi zilizokuwa zikiuzwa madukani kote nchini baada ya kupatikana na sumukuvu kupita kiasi.

Ni vigumu kwa akili kukishika kiasi cha sehemu 10 kwa bilioni. Tani moja ya mahindi inaruhusiwa kuwa na miligramu 10 za sumu hiyo. Lori la tani 28 linaruhusiwa miligramu 280, ambazo ni pungufu ya uzito wa punje moja ya mahindi. Jambo hilo lina matokeo makubwa katika upimaji, kwani sumu haisambai sawasawa. Gunia 99 zaweza kuwa safi na la 100 likawa na punje chache zilizojaa sumu. Sampuli ikichukuliwa juu juu kutoka magunia matatu ya nyuma, matokeo yatakuwa bahati nasibu. Kwa hiyo kiwango hakisemi tu kiasi gani kinaruhusiwa. Kuna kiwango kingine kinachoeleza jinsi ya kuchukua sampuli, magunia mangapi yachomwe, na punje zichanganywe vipi kabla ya kusagwa na kupimwa. Maofisa wawili waadilifu, kila mmoja na utaratibu wake, wanaweza kulipima lori moja na kupata majibu mawili, na mwenye lori akaamini kwamba mmoja wao anataka hongo.

Nchi zenyewe hazikubaliani juu ya mpaka ufaao. Marekani huruhusu sehemu 20 kwa bilioni katika chakula cha watu. Umoja wa Ulaya huweka 4 kwa nafaka iliyo tayari kuliwa. Afrika Mashariki imesimama kati yao kwa 10. Tofauti hizi hazitokani na sayansi pekee. Zinatokana pia na chakula ambacho watu wanakula zaidi. Mzungu anayekula mahindi mara moja kwa wiki na mtoto wa Bungoma anayekula ugali mchana na jioni hawana hatari sawa, ingawa, kwa kejeli ya mambo, ni Mzungu aliyewekewa mpaka mkali zaidi.

Machi 2021

Mnamo Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya (AFA) iliandikia idara ya forodha barua ikiagiza mahindi kutoka Uganda na Tanzania yazuiwe mara moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba uchunguzi ulionyesha mahindi hayo yana sumukuvu kupita mipaka ya usalama. Malori yalisimama Malaba, Busia na Namanga. Katika vivuko vidogo vya Suam, upande wa Trans Nzoia, na Lwakhakha, upande wa Bungoma, wachuuzi waliokuwa wamelipia mahindi ng'ambo waliamka bila kujua kama mali yao ni halali.

Hapa kiwango cha pamoja kilipimwa chenyewe. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na mpaka ule ule wa sehemu 10 kwa bilioni. Swali halikuwa kiasi gani kinaruhusiwa, bali kama yafaa kukataa mahindi ya nchi nzima badala ya shehena iliyopimwa na kupatikana na kasoro. Wakosoaji walikumbusha kwamba mahindi ya Kenya yenyewe yalikuwa na historia ya tatizo hilo hilo. Wengine, hasa miongoni mwa wakulima wa Kitale, waliipokea marufuku kwa furaha isiyo na uhusiano wowote na ini la mtu, kwani mahindi ya bei nafuu kutoka Uganda hushusha bei ya yao. Yote mawili yaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo shida ya masharti ya afya katika biashara: sharti la haki na kinga ya soko huvaa kanzu moja.

Siku tano baadaye, Machi 10, serikali ya Kenya iliondoa marufuku na kuweka masharti badala yake. Waagizaji wote wasajiliwe, kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha asili kinachotaja mahindi yalikotoka. Kwa nadharia, huo ulikuwa ndio utaratibu uliostahili tangu mwanzo. Kwa vitendo, msongamano haukwisha siku hiyo. Mnamo Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alipozuru Nairobi, mahindi yaliyokwama mpakani yalikuwa bado ajenda, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza yatatuliwe.

Cheti ni karatasi, na nguvu yake yategemea maabara iliyokitoa. Maabara nayo yapaswa kukaguliwa na kuidhinishwa na chombo huru kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO/IEC 17025, ili jibu lake likubaliwe ng'ambo bila kupima tena. Kenya inayo taasisi ya kazi hiyo, Kenas. Aidha, mizani na vipimo vya maabara hiyo lazima vilinganishwe mara kwa mara na vya rejea vya taifa, na hivyo na vya kimataifa. Kiungo kimoja kikikatika, mnyororo wote hulegea na afisa wa mpakani hurudi kwenye kauli ya zamani: "Tutapima wenyewe."

Wanaovuka kwa miguu

Ramani ya mahindi hufuata kalenda. Bungoma huanza kuvuna mahindi ya mvua ndefu karibu Agosti, na Trans Nzoia huvuna kati ya Oktoba na Desemba. Kuanzia Mei hadi Julai maghala ya pande hizi huwa yamepungua. Mashariki mwa Uganda, yenye misimu miwili, huanza kuvuna karibu Juni. Kwa hiyo mahindi huteremka kutoka miteremko ya Mlima Elgon wakati ambapo Kenya inayahitaji zaidi, na familia nyingi za pande zote mbili, zinazozungumza lugha moja na kuoana, zimeishi kwa biashara hiyo tangu kabla mpaka haujachorwa.

Wengi wa wanaovuka Lwakhakha na Suam ni akina mama wenye gunia moja au mawili juu ya bodaboda. Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa ajili yao: bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zikiwa katika orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha asili pale pale mpakani bila ushuru. Lakini utaratibu huo unaondoa ushuru tu. Hauondoi matakwa ya usalama wa chakula, na hapo ndipo ugumu ulipo. Gharama ya kupima sumukuvu kwa sampuli moja ni ile ile kwa lori la tani 28 na kwa gunia moja. Mwenye lori huigawa kwa magunia 300. Mama wa gunia moja hana wa kugawana naye. Haishangazi kwamba njia za panya bado zina watu. Eneo hilo lina kumbukumbu ndefu ya njia hizo: katikati ya miaka ya 1970, bei ya kahawa ilipopaa duniani na utawala wa Idi Amin ukiwalipa wakulima wake kidogo, soko la Chepkube lilipata umaarufu kwa kahawa ya Uganda iliyovushwa usiku.

Suluhisho linalopendekezwa mara nyingi ni wachuuzi kujiunga katika vyama na kukusanya mahindi yao mahali pamoja ili yapimwe kama shehena moja. Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki (EAGC), lililoanzishwa mwaka 2006, limefanya mafunzo ya aina hiyo na limekuwa mtetezi wa gredi za pamoja. Kenya pia ilipitisha mwaka 2019 sheria ya stakabadhi za ghala. Mkulima huweka mahindi yake katika ghala lililoidhinishwa, hupewa stakabadhi inayotaja uzito na gredi, na anaweza kuiuza au kuitumia kama dhamana ya mkopo. Stakabadhi hiyo isingekuwa na thamani yoyote kama neno "gredi" halingekuwa na maana moja.

Kutoka mbegu hadi kahawa

Kitale ina sehemu nyingine katika hadithi hii, nayo ni mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humo mwaka 1956, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa H611, chotara kilichotokana na mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ecuador. Mbegu ndiyo bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kabisa kuitambua kwa macho: punje ya chotara na punje ya kawaida iliyopakwa rangi hufanana hadi siku ya kuota. Kwa sababu hiyo huuzwa kwa kuaminiwa tu. Shirika la Kukagua Afya ya Mimea (Kephis) hukagua mashamba ya mbegu, hupima uotaji, na huweka kwenye pakiti kibandiko chenye nambari ya siri ambayo mkulima huikwaruza na kuituma kwa simu. Kwa soko la nje, vipimo hufuata kanuni za shirika la kimataifa la upimaji wa mbegu, ISTA, lililoanzishwa mwaka 1924.

Umuhimu wa ukaguzi huo ulionekana Septemba 2011, ugonjwa hatari wa virusi unaokausha mahindi ulipogunduliwa Bomet na baadaye kuenea katika kanda. Nchi jirani zilikuwa na sababu ya kweli ya kuogopa mbegu kutoka Kenya, na wauzaji wa mbegu wa Kitale wakajikuta katika nafasi ile ile ambayo wachuuzi wa Uganda wangejikuta miaka 10 baadaye.

Kwa Bungoma, sharti jipya zaidi linatoka mbali. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu yataka kahawa inayoingia Ulaya ithibitishwe kwamba haikulimwa katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020, na shamba lijulikane kwa viwianishi vya ramani. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Mkulima wa Sirisia au wa Cheptais mwenye miche 200 ya kahawa hakukata msitu wowote. Baba yake aliipanda miche hiyo zamani. Hata hivyo atapaswa kuonekana kwenye ramani, na kwa kuwa kahawa yake huchanganywa na ya wenzake kiwandani, asiyepimwa mmoja anaweza kuitia doa shehena ya chama kizima.

Wakati hayo yakiendelea, sehemu kubwa ya mahindi ya kaunti hizi mbili haifiki kwa mkaguzi yeyote. Huliwa nyumbani, hubadilishwa kwa karo ya shule, au hupelekwa kwa mashine ya kusaga ya kijijini ambako mwenye mashine hutazama kama punje zimeota ukungu na kumega bei. Katika soko la Chwele mahindi hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa kilo 2, na mnunuzi husimama karibu kuhakikisha kwamba umejazwa hadi ukatengeneza kichuguu na kwamba kitako chake hakikubonyezwa kwa ndani.